Mvua Haingoji Mtoto Azaliwe

"Subirini kwanza ajifungue." Kauli hii hapa Voi utaisikia Kaloleni, utaisikia Sikujua, na ukipanda matatu kwenda Mwatate au Wundanyi utaikuta imeshafika. Mama mkwe huisema kwa sauti ya chini, kwa kumwonea huruma mkaza mwana wake. Mume huisema akihesabu hela za mwisho wa mwezi. Jirani huisema akipita na kumwona fundi juu ya mabati. Gata limetoboka? Subirini ajifungue. Jiko linajaza moshi hadi chumbani? Subirini ajifungue. Uwanja wa nyuma umejaa magugu na chupa za plastiki? Huo nao utangoja. Mbeleko, wanasema, haikatwi mwana hajazaliwa.

Naipinga kauli hii, na siipingi nusunusu. Miezi ile tisa ndiyo muda bora kuliko yote wa familia kushika koleo, nyundo na jembe, na kila wiki inayopita kwa kungoja ni wiki ambayo mama na mtoto watailipia baadaye.

Wanaoisema niwatendee haki kwanza. Hofu yao haikuzuka hewani. Bibi zetu wa Dawida, Sagalla na Kasigau walizaa watoto wengi na wakazika wengi, na mwanamke aliyerudi kutoka makaburini akakuta nguo ndogo zimekunjwa juu ya kitanda hahitaji kuelezwa kwa nini maandalizi huogopwa. Wala si sisi peke yetu. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki nao walikuwa na desturi ya kutoingiza nyumbani kitanda wala nguo za mtoto ambaye bado hajazaliwa. Popote wachanga walipokufa kwa wingi, watu walijifunza kutotumaini kwa sauti kubwa. Simcheki mtu kwa hilo, na sitamsukuma mama yeyote anunue soksi za mtoto akiwa na mimba ya miezi minne.

Lakini hebu tazama mwiko huo unagusa nini hasa. Unagusa vitu vya mtoto: nguo zake, jina lake, kitanda chake. Gata si la mtoto. Choo si cha mtoto. Mboga za nyuma ya nyumba si za mtoto. Yakitokea ya kutokea, Mungu aepushe, nguo zile zitamchoma mama moyo kila akifungua sanduku, lakini pipa la maji halitamchoma. Litamwezesha kuoga na kupumzika bila kubeba mtungi, siku ambazo mwili na roho vimevunjika kwa pamoja. Kwa hiyo hata anayeuheshimu mwiko wa wazee kwa dhati ana ruhusa kamili ya kuziba ufa ukutani. Tulichofanya sisi ni kuchukua desturi iliyohusu nguo na majina, tukaitandaza juu ya nyumba nzima, juu ya choo na juu ya shamba, kwa sababu inatupa kisingizio cha kukaa.

Na kukaa huko kuna gharama. Utafiti wa Kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini Kenya, 41 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na 21 kati yao hufariki ndani ya mwezi wa kwanza. Yaani nusu nzima. Huo ndio mwezi ambao mume wa "subirini" anaanza kuulizia namba ya fundi. Najua vifo vingi vya siku hizo hutokana na uzazi wenyewe, na mtoto kuzaliwa njiti au kukosa hewa, na kwamba dawa yake ni hospitali na mkunga hodari, si simenti. Lakini yapo pia maambukizi, na maambukizi huingia kwa mikono isiyonawa kwa kukosa maji, kwa kitovu kilichoguswa na mkono mchafu. Nyumba haiwezi kuzuia yote. Inachoweza kuzuia, inakizuia ikiwa tayari, si ikiwa kwenye mipango.

Sasa tuje kwenye mvua, maana hapa ndipo unapoona kwamba kauli hii haikutungwa na mtu anayeishi Voi. Mji wetu hupata takriban milimita 550 za mvua kwa mwaka, na huzipata kwa misimu miwili: masika ya Machi hadi Mei, ambayo mara nyingi hutudanganya, na vuli ya Novemba na Desemba, ambayo ndiyo mkulima wa nyanda za chini huitegemea. Mwanamke anayetarajia kujifungua Januari, akisubiriwa ajifungue ndipo gata lifungwe, mvua yote ya vuli itakuwa imepita juu ya mabati yake na kuishia barabarani. Mtoto atazaliwa kwenye jua la Januari na Februari, na mama atanunua maji ya kufulia nepi kwa mtungi.

Fanya hesabu mwenyewe. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa dogo la mita 30 za mraba, mvua ya milimita 100, ukitoa sehemu moja kati ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, zinabaki lita 2,400. Hiyo ni mitungi 120 ya lita ishirini. Mwezi mmoja mzuri wa vuli unaweza kuleta kiasi hicho. Kazi yenyewe si ya kutisha: fundi anavuta uzi chini ya ukingo wa mabati, anaupa mteremko wa sentimita moja kwa kila mita ili maji yasituame, anapigilia vishikio, anaelekeza mdomo kwenye pipa. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa, isiingie pipani. Pipa lifunikwe, na mdomo wake ufungwe kipande cha chandarua, maana pipa lililo wazi ni kiwanda cha mbu na ni hatari kwa mtoto atakayeanza kutambaa. Ni kazi ya siku moja au mbili. Ukiikosa kabla ya Novemba, umeikosa hadi masika, na masika nimeshayasema.

Mtu ataniambia Voi kuna maji ya mfereji. Yapo, na huja kwa zamu. Bomba la Mzima limekuwa likitoa maji Tsavo Magharibi kuyapeleka Mombasa tangu miaka ya 1950, nasi tulio njiani tumezoea kuyasikia yakipita. Visima vya nyanda za chini vingi vina chumvi. Sabuni haitoi povu, nguo hukakamaa kama gome. Mama aliyejifungua juzi hawezi kusubiri zamu ya mfereji. Anahitaji maji saa nane za usiku.

Kama bado kuna anayedhani kwamba kuta na paa hazihusiani na uhai wa mtoto, aende Taveta akawaulize wazee. Kati ya mwaka 1954 na 1959 ulifanyika huko mpango mkubwa wa malaria, ukihusisha Taveta upande wetu na nyanda za chini za Pare upande wa Tanganyika, chini ya taasisi ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki iliyokuwa Amani. Kazi yake kuu ilikuwa kuingia nyumba baada ya nyumba na kupuliza dawa ya dieldrin kwenye kuta za ndani. Malaria ilishuka sana, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Dieldrin yenyewe ni sumu, imo katika orodha ya Mkataba wa Stockholm wa 2001, na hakuna anayetaka irudi. Ninachokishika ni kwamba ukuta wa ndani, ule wa udongo na miti, ulitosha kubadilisha idadi ya watoto waliobaki hai katika Taveta nzima. Leo kazi hiyo tunaifanya kwa chandarua chenye dawa, kwa waya wa mbu dirishani, kwa kufunga upenyo kati ya ukuta na mabati, kwa kufukia madimbwi. Na malaria haimsubiri mtoto atoke tumboni. Humshambulia mama mjamzito kwa nguvu kuliko mwanamke mwingine, humnyonya damu, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Chandarua kinachoning'inizwa siku ya kutoka hospitali kimechelewa kwa miezi tisa.

Moshi ni vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na wanaoivuta zaidi ni wanawake wapikao na watoto wanaobebwa migongoni. Mama mjamzito anayeinamia mafiga katika jiko lisilo na dirisha anavuta kwa ajili ya wawili. Kutoboa dirisha la pili upande unaokabili la kwanza, kuinua paa la jiko kidogo, au kujenga jiko la udongo linalokula kuni chache, ni kazi ya Jumamosi kwa mwanamume na shemeji yake. Udongo wa kichuguu tunao, tena wa bure.

Juu milimani kuna jambo baya zaidi, na hapa naomba nisikilizwe. Baridi ya mwezi wa saba Wundanyi ni ya kweli. Nimeingia chumba cha mzazi huko: dirisha limebanwa kwa gunia, mlango umefungwa, leso imetandikwa chini ya mlango upepo usipite, na katikati ya sakafu jiko la makaa linawaka "ili mtoto apate joto". Mama anasinzia, na nyanya wa mtoto analichochea kwa upendo. Makaa hayatoi moshi unaoonekana, ndiyo maana watu huyaamini. Lakini gesi yake haina harufu, na katika chumba kilichozibwa hivyo huua mama, mtoto na nyanya kwa usiku mmoja. Mtoto hupata joto lake kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na blanketi juu yao wote wawili. Chumba hupata joto kwa kioo kilichorudishwa dirishani na dari ya mbao au hata ya magunia yaliyoshonwa vizuri. Lakini kioo na dari hutiwa mwezi wa nne au wa tano. Ukisubiri ajifungue Julai, utakachokuwa nacho usiku ule ni jiko la makaa tu.

Nikija kwenye bustani, najua nitapingwa kwa nguvu, kwa sababu bustani huonekana kama anasa ya watu wenye nafasi. Sikubali. Upungufu wa damu kwa wajawazito ni adui anayejulikana kila kliniki, na vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa huko vimezwe bila kukosa. Mboga si badala yake. Lakini mchicha uliopandwa leo huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Majani ya kunde ni hivyo hivyo. Sukuma wiki ukihamisha miche, wiki sita hadi nane unakula. Mama akizipata kila siku bila kupanda bodaboda kwenda sokoni, na akazikamulia ndimu na kuiacha chai hadi baadaye, yale madini ya chuma yaliyo kwenye majani hayapotei bure. Kisha upande mpapai mmoja mimba ikiwa ya miezi mitatu, uumwagilie. Baada ya takriban mwaka mmoja utaanza kuzaa, na mtoto atakuwa ametimiza miezi sita, umri ule ule anaoanza kuonja chakula baada ya maziwa ya mama pekee. Subirini ajifungue ndipo mpande, basi mtoto atasubiri papai mpaka aanze kukimbia.

Asiye na ardhi atumie gunia. Chukua mkebe mkubwa uliokatwa pande zote mbili, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto, uzungushie udongo uliochanganywa na samadi, kisha uuvute mkebe juu na kurudia mpaka gunia lijae. Nguzo ile ya kokoto ndiyo itakayopeleka maji hadi miche ya chini. Toboa mashimo ubavuni, panda. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia vyombo yanatosha.

Hapo ndipo mtu wa Ndara au Maungu hunikatiza: wewe unataka tumwite ndovu mlangoni? Swali hilo ni la haki, na mtu wa mjini asilipuuze. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii, na kiangazi ndovu hufuata maji na matunda hadi uwanjani. Kwa anayepakana na mbuga, mpapai na mgomba karibu na chumba cha kulala si ushauri mwema, wala tangi la plastiki lililo wazi. Yeye abaki na magunia ya mboga yaliyosogezwa ukutani, pipa liwe ndani, na mahindi yakae mbali na nyumba. Sagalla wakulima wameonyesha njia nyingine: mizinga ya nyuki iliyotundikwa kila baada ya mita kumi na kuunganishwa kwa waya kuzunguka shamba, kazi waliyoifanya pamoja na shirika la Save the Elephants. Ndovu akigusa waya, nyuki wanatoka, naye huwaogopa. Haizuii kila ndovu, lakini inazuia wengi, na asali juu yake. Uzio kama huo hauwezi kujengwa na baba ambaye amekesha wiki mbili na mtoto anayelia.

Nisemalo sasa ni kwa wanaume wenzangu. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu na baba wiki mbili, zote kwa mshahara kamili. Wiki mbili! Hizo ni za kufua, kupika uji, kumpeleka mama kliniki na kupokea wageni. Na hapo nazungumzia mwenye ajira ya maandishi. Kibarua wa siku hana hata hizo. Anayefanya kazi Mombasa na kuja nyumbani mwisho wa mwezi ana wikendi tisa hivi kati ya habari njema na uchungu wa kuzaa. Akiziacha zote zipite kwa sababu "bado", atafika nyumbani siku ya arobaini akute mambo yalivyokuwa, isipokuwa sasa kuna mtu mmoja zaidi wa kuteseka nayo.

Hoja nzito kuliko zote ni ya pesa: zihifadhiwe kwa ajili ya hospitali. Hapa nakubaliana na msemaji hadi nusu ya njia. Mama wa Rukanga au Bungule, huko Kasigau, akishikwa na uchungu usiku, kinachomwokoa ni nauli iliyowekwa kando na dereva aliyeshaambiwa. Fedha hizo zisiguswe hata kwa msumari mmoja. Na usajili wa bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ufanywe mapema na michango iwe imelipwa, si kuulizwa mlangoni pa wodi. Lakini angalia orodha niliyoitaja: udongo, samadi, gunia, kokoto, kufyeka, kuziba nyufa wanamokaa nge, kutoboa dirisha la jiko. Mengi yanataka mikono, si hela. Na wale wale wanaosema hela hakuna, mara nyingi nimeona wakichanga kwa ajili ya sherehe ya kumtunza mama mtarajiwa, mabaluni na keki ya ghorofa mbili. Tafadhali, mchange. Mlete lita za maji na mifuko ya simenti.

Mama mwenyewe asifanyishwe kibarua. Asipande ngazi, asibebe mitungi, asikwangue rangi ya zamani ambayo huweza kuwa na risasi, asipulizie nyanya dawa wala kukaa karibu na anayepuliza. Kupanda mbegu kivulini asubuhi, akiwa na glavu, akitaka mwenyewe, ni sawa. Kuamua dirisha liwe wapi ni haki yake kuliko ya mtu yeyote, kwa kuwa ndiye atakayekaa chumba hicho.

Waliobaki ni wapangaji, nao ni wengi: wale wa vyumba vya Sofia, Mabomani na Mwakingali, wanaouliza watamtengenezeaje mtu nyumba yake. Magunia ya mboga ni mali yao na huhama nao. Chandarua ni hivyo hivyo. Familia sita za ploti moja zinaweza kuchangia mapipa mawili na kupangiana zamu, na mjamzito akapewa ya kwanza. Ila gata, dirisha na choo haviko mikononi mwao.

Basi wenye ploti, haya ni yenu. Mpangaji akija Agosti akakwambia mkewe anajifungua Desemba, na kwamba yuko tayari kununua gata na kumlipa fundi mradi umkatie kwenye kodi kidogo kidogo, mkubalie. Gata litabaki kwenye nyumba yako atakapohama, na mpangaji atakayefuata utampangishia chumba chenye maji. Andikeni karatasi, mtie sahihi wote wawili, fundi aingie kazini kabla ya Oktoba.